Pesa za Jirani

Wateja wa Nyaruai walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Kibanda chake kilikuwa Kitale, upande wa chini wa soko, kati ya duka la mbegu na fundi wa viatu, na maandishi ya mlangoni yalisema kwamba anauza vifuniko vya simu na chaja. Hivyo vitu aliviuza kweli. Lakini wapo waliokuja, wakasimama kando, wakamngoja mnunuzi wa kifuniko aende zake, ndipo wakasema kwa sauti ya chini, "Mama Wamboi, niko na kitu ya kubadilisha." Nyaruai aliwapa anwani yake ya sarafu za mtandaoni, sarafu zikaingia kwenye simu, naye akawapa shilingi mkononi au akazituma kwa M-Pesa popote walipotaka. Hakuna aliyeombwa kitambulisho.

Kazi hiyo alifundishwa na Dancan, mtoto wa dada yake, ambaye pamoja na wenzake waliwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za masomo na kulipwa kwa sarafu hizo. Mwenye duka la unga hapokei sarafu za hewani. Ikabidi apatikane mtu wa katikati, mwenye shilingi mfukoni na mdomo mzito. Nyaruai alikuwa na vyote viwili.

Mdomo huo haukuwa mzito bure. Mumewe alipofariki, aliacha akiba kidogo katika chama. Siku ambayo fedha zilitoka, Nyaruai alifika nyumbani Kiminini akamkuta shemeji yake Muchiri ameshaketi sebuleni, kofia gotini, anangoja. Muchiri alijua kiasi hadi shilingi ya mwisho kabla mjane mwenyewe hajazishika. Yakafuata maneno, vikao, machozi ya mama mkwe, na mwishowe nusu ya fedha ikaenda. Tangu hapo Nyaruai aliona pesa yenye jina ni kama ng'ombe aliyefungwa kengele: mwizi haangaiki kumtafuta malishoni.

Kaka yake Zachary, mkulima wa mahindi na mzee wa kanisa huko huko Kiminini, hakuipenda kazi ile hata siku moja.

"Pesa kama ni safi inaficha jina ya nini?" alimwambia. "Mficha uchi hazai, Nyaruai."

"Na wewe ukivuna, unamwambia Muchiri umepata gunia ngapi?"

Zachary alicheka na kuacha. Kila waliporudia maneno hayo, yaliishia hapo hapo.

Kisha akaja Chemutai, na Nyaruai akaona kwamba amepata jibu ambalo hata kaka yake asingelipinga.

Chemutai alikuwa msichana wa kutoka miteremko ya Mlima Elgon, aliyeolewa Bungoma na mfanyabiashara wa mbao aitwaye Kimaiyo. Mkono wake wa kushoto haukunyooka sawasawa. Kimaiyo aliuvunja, ukaungwa nyumbani kwa sababu alikatazwa kwenda hospitali. Mara ya kwanza alikimbilia Eldoret. Shangazi yake Chepngeno, muuguzi ng'ambo, akamtumia pesa kwenye simu, na kabla hazijaisha Kimaiyo alikuwa amesimama mlangoni, ametulia, ameshika koti lake. Mara ya pili alikimbilia Kisumu. Ikawa vile vile. Kimaiyo alikuwa na mtu wake mahali fulani, wa kumnong'oneza ni laini ipi imepokea nini na iko upande gani.

Mara ya tatu Chemutai aliitupa simu. Akashuka Bumula, akapata kazi ya kushona sare za shule katika duka la mjane mmoja, Mama Nasambu, akasema anaitwa Rosaline. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Chepngeno, aliyekuwa amesikia habari za kibanda kile, alituma sarafu kwa Nyaruai, na Nyaruai, kila alipokwenda Bungoma kuchukua mzigo wa chaja, aliendelea hadi Bumula na kumpa Chemutai pesa mkononi. Pesa ilivuka bahari bila jina la mtu hata mmoja, na Kimaiyo hakuwa na kengele ya kusikiliza.

Taratibu Chemutai alianza kunenepa kidogo. Alianza kucheka. Siku moja alimshonea Nyaruai blauzi ya kitenge na kukataa malipo.

"Wewe ndio unaniweka hai, mama," alisema. "Usifikiri ni mchezo."

Nyaruai aliivaa blauzi ile kanisani, na Zachary akaisifu bila kujua ilikotoka.

Ni katika msimu huo mtu aliyejiita Jirani alimwandikia kwa mara ya kwanza. Alikuja kwa ujumbe wa simu, namba ya nchi asiyoijua, na mahali pa picha pake palikuwa na mlango wa mabati uliofungwa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha mtangazaji.

"Shikamoo, Mama Wamboi. Nimeelezwa kwamba wewe ni mtu mwaminifu."

Nyaruai aliitikia marahaba, ingawa kwao watu hawasalimiani hivyo. Jirani alieleza kwamba ana vijana wanaozunguka vijijini upande wa Bungoma wakikusanya habari za mahindi: nani amepanda nini, nani atauza wapi. Alitaka wawe wanalipwa kwa M-Pesa. Yeye angeleta sarafu, Nyaruai angetuma shilingi kwa namba atakazopewa na kubaki na faida yake. Faida ilikuwa nono kuliko ya mteja mwingine yeyote. Sarafu zilifika kabla ya ombi, na hakubishana kamwe juu ya bei.

Malipo yenyewe yalikuwa madogo madogo. Kijana huyu leo, yule kesho. Jirani alikuwa na tabia ya kuongeza neno moja mwishoni. "Huyu ni wa Chwele, asante." Baada ya muda: "Chwele tumemaliza." Kisha malipo yakaenda kwa vijana wa Kimilili, na baadaye, "Kimilili tumemaliza." Nyaruai alisoma ujumbe huo akiwa anakula githeri kibandani, akahisi kitu kimemgusa mgongoni, kama mtu anayepita nyuma yake. Aligeuka. Kulikuwa na ukuta tu. Alijiambia kwamba watafiti hufanya hivyo, humaliza pahali wakasonga.

Wiki iliyofuata Jirani aliandika: "Sasa tunasogea Bumula."

Nyaruai aliketi na simu mkononi. Aliwaza kumuuliza ni habari gani za mahindi zinazotafutwa wakati mahindi yameshavunwa na kuuzwa. Alichapa maneno mawili, akayafuta. Mteja mwingine alikuwa amesimama mlangoni. Akatuma pesa.

Siku chache baadaye alikwenda Bungoma, akachukua mzigo wake, kisha akapanda bodaboda kwenda Bumula. Mwendeshaji alikuwa kijana mcheshi aitwaye Khaemba, aliyesimulia njia nzima habari za ndugu yake aliyeshinda udiwani na kusahau kwao. Nyaruai alishukia sokoni, hatua chache kutoka dukani kwa Mama Nasambu. Mlango wa duka ulikuwa wazi, na kutoka pale barabarani aliuona mgongo wa Chemutai, ameinama kwenye cherehani, anasukuma kitambaa cha buluu.

Khaemba hakuwa na chenji. Nyaruai akamlipa kwa simu.

Ujumbe ukalia kwenye simu ya Khaemba. Alisoma jina, akasoma tena, akamtazama Nyaruai kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Kumbe ni wewe bosi! Si ungesema, bana! Jina rako ninaro hapa, wewe ndio unatutumiaga."

"Nawatumia nini?"

"Ya kazi. Ya yure dada." Alishusha sauti, akasogea karibu, mwenye heshima mpya. "Bado hatujamuona, rakini tuko macho. Mimi nimepewa hii soko na barabara ya kwenda Mateka."

Akamgeuzia simu. Ilikuwa picha ya harusi iliyokatwa upande, ukabaki uso wa bibi harusi peke yake na bega la mtu mwingine lenye koti jeusi. Bibi harusi alikuwa Chemutai.

Cherehani ilikuwa inalia nyuma ya Khaemba, trrr, trrr, ikanyamaza, ikalia tena. Kama kijana yule angegeuza shingo tu, kazi yake ingekuwa imekwisha.

"Nani alikupa hii picha?"

"Iritumwa tu. Namba haina jina. Ati ni mtu wa famiria yao anamtafuta, ameiba kitu." Khaemba alikunja uso. "Si wewe ndio unajua?"

Katika shughuli ile nzima hapakuwa na jina la mtu mwingine isipokuwa la Nyaruai. Kwa vijana wote wa Chwele na Kimilili na Bumula, yeye ndiye aliyekuwa akimwinda Chemutai. Basi akaamua kulitumia jina hilo.

"Huyo alipatikana," alisema kwa sauti ya mtu anayelipa. "Jana, huko Malaba. Kazi imeisha. Waambie wenzako waache."

"Haiya! Rakini asubuhi nimeambiwa—"

"Nani anakulipa, ni mimi ama ni hiyo namba?"

Khaemba alikuna kichwa. Akasema sawa, bosi. Akawasha pikipiki. Nyaruai alisimama pale pale, mkoba wa chaja begani, mpaka alipopotea kwenye kona ya ghala, na hapo ndipo alipovuka kwenda dukani.

Chemutai alisikiliza habari zote bila kuinuka kwenye kiti. Mama Nasambu alifunga mlango wa mbele, wakabaki katika harufu ya nguo mpya na mafuta ya cherehani.

"Picha ni ya harusi yetu," Chemutai alisema. "Hilo bega ni yeye."

"Mimi ndiye niliyetuma hizo pesa," Nyaruai alisema. "Mkono wangu. Sikujua, lakini ni mkono wangu."

Alitarajia kupigiwa kelele. Chemutai alikata uzi kwa meno, akakunja sketi aliyokuwa anaishona na kuiweka juu ya nyingine.

"Unajua, mama, hii pesa isiyo na jina ndio iliniweka hai mwaka mzima. Sitaitukana leo."

"Na ndiyo hiyo hiyo imekufuata hapa."

"Ndiyo." Alifikiri. "Ni kama giza. Mimi nimejificha ndani, na yeye pia ameingia."

Mama Nasambu alikuwa na dada wa mbali, na dada huyo alikuwa na watu wengine mbele zaidi. Walianza kutaja mahali, na Nyaruai akainua mkono. "Msinitajie. Nikijua, nitaweza kuulizwa." Akampa Chemutai pesa alizomletea na zile za mzigo mwingine aliokusudia kununua, akatoka kwa mlango wa uani. Walipoagana, Chemutai alimshika kwa ule mkono usionyooka, akambana kwa nguvu.

Ujumbe wa Jirani ulifika Nyaruai akiwa amerudi Kiminini, anawasha jiko.

"Mama Wamboi, shikamoo. Nasikia umewaambia vijana kwamba kazi imekwisha. Umeonana na mhusika?"

Nyaruai alichapa. "Wewe ni nani?"

Jibu lilichelewa. Sufuria ilianza kuchemka.

"Jirani tu. Naona una hofu. Usiwe na hofu. Wamboi anaendeleaje na masomo huko chuoni?"

Nyaruai alizima simu, akafunga mlango, akampigia binti yake kwa simu ya jirani wa kweli, mke wa mwenye duka, na kumwambia ahamie kwa rafiki yake leo leo, asiulize.

Kesho yake alimwita Dancan. Kijana alikaa naye asubuhi nzima, akamwonyesha kwenye kompyuta njia ambayo sarafu za Jirani zilipitia. Nyaruai alishangaa kwamba zilionekana. Kila hatua ilikuwa wazi mbele ya dunia nzima: zilitoka anwani hii, kabla ya hapo ile, na kabla ya hapo nyingine, mpaka zikafika mahali pesa za watu wengi mno zilipochanganywa pamoja, kama mahindi ya kijiji kizima yaliyomwagwa katika ghala moja. Hapo punje hii haikujulikana ni ya shamba la nani.

"Barabara tunaiona, Tata," Dancan alisema. Alimwita hivyo tangu utotoni, kama watoto wa Kikuyu wanavyomwita dada ya mama. "Mwenye kutembea ndio hatumwoni."

"Na yeye ananiona mimi."

Dancan alifunga kompyuta polepole.

Nyaruai alitaka kuuona uso. Hakuweza kueleza kwa nini, hata baadaye, ila kwamba kuogopa mlango wa mabati kulimchosha kuliko kumwogopa mtu. Alikwenda Bungoma, kwenye yadi ya mbao ya Kimaiyo, akajifanya anatafuta mbao za kuezekea. Kimaiyo alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye miwani na vumbi la mbao nyweleni. Alimpa kiti. Alimtajia bei ya msipresi na ya mkalitusi, akamshauri asichukue zile mbichi. Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa, na chini yake picha ya harusi, nzima, haijakatwa.

"Mkeo ni mzuri," Nyaruai alisema.

Kimaiyo aliitazama picha kama anayeiona kwa mara ya kwanza. "Alisafiri. Ukikutana naye popote, mwambie nyumba iko wazi. Mimi sina hasira." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Mwanamke akitoka kwake ni kama mbao iliyoachwa nje. Inaharibika. Lazima mtu aende airudishe."

Nyaruai alisema atarudi na vipimo. Alikuwa ameshafika langoni aliposikia sauti ile ya upole nyuma yake.

"Haya, safari njema, Mama Wamboi."

Hakuwa amemtajia jina.

Hakugeuka. Alitembea mpaka kituo cha reli, akakaa kwenye benchi katikati ya watu. Sasa alijua. Lakini alijua kama mtu anavyojua mvua itanyesha; hakuwa na ushahidi wa kumwekea mtu mezani.

Siku mbili baadaye Mama Nasambu alimpigia simu. Wanaume wawili walifika dukani asubuhi, wakasalimu, wakamuulizia Rosaline. Walimtaja kwa jina hilo hilo la Rosaline. Alipowaambia ameondoka, mmoja alimzaba kofi, mwingine akachukua mkasi wa kazi na kuzikata sare zote zilizokuwa zimening'inia, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayevuna. Cherehani ya Chemutai waliitoa nje na kuibamiza kwenye jiwe. Watu wa soko walitazama. Wale wanaume walipanda pikipiki na kuondoka, na kila mmoja akasema hakuziona nyuso zao.

Nyaruai akaenda polisi. Afisa aliyempokea alikuwa mtu mwenye subira. Alimsikiliza hadi mwisho, akamletea maji.

"Hao vijana walilipwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe ulilipwa na nani?"

"Na Jirani."

"Jirani yupi, mama?"

Nyaruai aliyasikia maneno yake mwenyewe jinsi yalivyo mepesi. Alimtaja Kimaiyo, akaeleza jinsi alivyoitwa kwa jina la binti yake. Afisa alitikisa kichwa kwa huruma. Soko zima la Kitale linakuita hivyo, alisema. Hakimu atakuuliza hilo kabla ya yote. Aliandika maelezo, akabaki na simu kama kielelezo, akamwomba asisafiri mbali bila kutoa taarifa. Alipotoka, Nyaruai alielewa kwamba faili limefunguliwa, na anayesomeka ndani yake ni yeye.

Zachary ndiye aliyemchukua kutoka kituoni. Alitazama barabara, mikono kwenye usukani. Nyaruai alingoja methali.

"Yule msichana angekuwa wapi bila wewe?" Zachary aliuliza badala yake.

"Angekuwa amerudishwa."

"Na bila huyo Jirani?"

"Angekuwa anashona."

"Basi mimi sijui tena," alisema kaka yake. "Nilikuwa najua. Sasa sijui."

Nyaruai alinunua simu na namba mpya, akamjulisha Chepngeno, naye akampigia mwezi ulipokuwa unakatika. Chemutai yu hai, alisema, yuko mbali, anakula vizuri. Kisha akaomba jambo ambalo Nyaruai alikuwa analiogopa. "Tafadhali usifunge hiyo njia, dada. Nikituma kwa njia ya jina, atampata. Nimtumie kupitia kwa nani?" Nyaruai alikubali kwa ajili ya Chemutai tu, kwa mkono wa tatu, kwa mtu asiyemjua anayempelekea mtu mwingine asiyemjua. Kwa wengine wote alianza kuuliza. Unaitwa nani? Pesa ni ya nini? Inaenda kwa nani?

Wengi waliondoka bila kukasirika, kama watu waliokosea mlango. Mmoja alikuwa mke wa dereva wa trekta aitwaye Kimutai, ambaye kila mara alibadilisha vijisarafu alivyopata kwa kuuza mikeka yake mtandaoni ili mumewe asivinywe. Alipoulizwa jina akavuta shuka begani. "Hata wewe, Mama Wamboi?" akasema. Hakurudi tena. Nyaruai alimfuata hadi stendi kumwomba radhi, akamkosa.

Alidhani yamekwisha, mpaka Khaemba alipompigia kwenye namba ile mpya, aliyopewa na fundi wa viatu jirani na kibanda.

"Bosi, samahani. Ni Khaemba wa Bumura." Sauti haikuwa na ucheshi. "Uriniambia yure dada amepatikana, arafu duka ikavunjwa. Nirifikiria sana. Sasa kuna kazi ingine. Nimeona nikuurize wewe kwanza."

"Kazi ya nani?"

"Ya mzee. Ati Kipragat, ana kesi ya shamba, huko kwenu Kitare, njia ya Endebess. Wanataka kujua anatoka nyumbani saa ngapi, anaenda na nani. Pesa imekuja, rakini safari hii haina jina rako. Ni ya mwanamke mwingine, ati Beth."

Nyaruai aliketi chini. Alikuwa amemweka Jirani ndani ya yadi ya mbao, akampa miwani na vumbi la mbao nyweleni. Kumbe Kimaiyo alikuwa mteja tu, mmoja kati ya wateja. Mlango ule wa mabati ulikuwa duka, na lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye sarafu na mtu wa kutafutwa.

"Usiifanye hiyo kazi," alimwambia Khaemba.

"Mimi nimekataa. Rakini tuko wengi."

Alitoa taarifa kituoni kama alivyoagizwa, akaacha jina la mzee yule kwa afisa, kisha hakungoja. Alipanda hadi njia ya Endebess akiuliza kwa Mzee Kiplagat, na watu walimwelekeza kwa urahisi uliomtia hofu. Ilikuwa boma safi, michongoma imepunguzwa vizuri, ng'ombe kwenye mteremko wa nyuma. Mke wa mzee alimkaribisha kwa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Mzee hayupo, alisema. Asubuhi amekuja kijana na pikipiki, mtu mwenye adabu sana, akamchukua kwenda kutazama mbegu.

Nyaruai aliweka kikombe chini, akakaa akitazama barabara. Mke wa mzee alisimulia habari za wanawe, na mgeni aliitikia bila kusikia.

Mzee alirudi jua likiwa limeelekea magharibi, anatembea kwa miguu yake, kofia kichwani, salama. Alikuwa na hasira kidogo. Kijana hakuwa na mbegu yoyote, alisema. Alimzungusha tu, akamuuliza maswali. Anasali wapi. Anaenda mahakamani kwa njia gani. Wanawe wanalala nyumbani au la.

"Na ulimjibu?" Nyaruai aliuliza.

"Aliuliza kwa heshima. Kwani wewe ni nani, mama?"

Nyaruai alimwambia. Alitaja jina lake lote, la baba yake, na kijiji chake, kisha akaeleza tangu mwanzo: sarafu, Jirani, picha iliyokatwa, sare za shule zilizokatwakatwa. Mzee alisikiliza amesimama. Mkewe aliacha kusonga ugali.

"Anayenitafuta ni huyu tunayeshtakiana naye?" Mzee aliuliza mwishowe. "Au ni mwanawe? Au ni yule aliyeuziwa kipande cha chini?"

"Sijui, mzee."

"Yule kijana wa pikipiki?"

"Hata yeye hajui."

Mzee Kiplagat alitazama kule barabara inakopinda, ambako mtu mmoja alikuwa amesimamisha pikipiki, anainama kama anayekagua gurudumu. Labda alikuwa anakagua gurudumu. Mzee akawapigia wanawe simu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamwambia mkewe awarudishe ng'ombe, nao wakaingizwa zizini na lango likafungwa kwa mnyororo, jua likiwa bado halijazama.